Uzi: Maandamano yamekwisha, kesho yake mnafanya nini? Harakati za umma Lamu hadi Malindi

#1 · Mwana wa Mkunguni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mlioko Amu, Faza, Mpeketoni, Malindi hadi Marafa.

Kila jambo zito likitufika huku pwani, mazungumzo huanzia kwenye maandamano na kuishia papo hapo: tutoke au tusitoke. Maandamano ni asubuhi moja. Kazi inayopindua mambo ni ya miezi inayofuata, nayo haina wapiga picha. Naomba tuiandike hapa kwa kina, ili watu wa Kiunga au Magarini wakiamka na kukuta bango la mradi limesimikwa kijijini wasianze kuuliza pa kushika.

Naanza na makaa ya mawe kwa kuwa hiyo ndiyo darasa letu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikatoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa kwetu, na wenzao watano wakakata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, NET, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Kampuni ikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi, nayo Oktoba 2025 ikaacha uamuzi wa NET usimame. Tangu leseni itolewe hadi hapo ni miaka tisa. Hakuna umati unaoweza kusimama barabarani miaka tisa. Faili linaweza.

Wengi husema leseni ilifutwa kwa kuwa makaa ni machafu. Hapo pana kosa. Jopo liligusa mambo kadhaa, ikiwemo kutozingatiwa kwa sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016, lakini uti wa mgongo ulikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano iliyohesabiwa ilikuwa ya kutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika. Ripoti yenyewe ilipotoka, wenyeji hawakupata nafasi ya maana ya kuisoma na kuijibu. Ni sawa na kumuuliza mtu kama chakula ni kitamu na chungu bado hakijafunuliwa.

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003 ziko wazi: mabango karibu na eneo la mradi, tangazo wiki mbili mfululizo katika gazeti linalofika nchi nzima, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na mikutano ya hadhara isiyopungua 3 na walioathirika. Kwa hivyo kitu cha kwanza ambacho harakati yoyote inahitaji, kabla ya fulana na vipaza sauti, ni daftari. Kila mkutano uandikwe: nani ameuitisha, ulitangazwa siku ngapi kabla na kwa njia gani, ulianza na kwisha saa ngapi, ulizungumzwa kwa lugha gani, nyaraka gani ziligawiwa na zilikuwa na kurasa ngapi, nani aliuliza nini, akajibiwa nini. Aliyeuliza asijibiwe, hilo liandikwe pia. Ndilo lenye uzito kuliko yote.

Na karatasi ya mahudhurio! Watu husaini kwa ajili ya nauli na chai, kisha karatasi ileile ikaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba kijiji kimekubali. Kabla jina la kwanza halijaandikwa, andikeni juu ya kila ukurasa: "Mahudhurio tu, si idhini." Kisha pigeni picha kila ukurasa kabla haujaondoka chumbani.

---

#2 · Binti Matondoni

Ahsante, Mwana wa Mkunguni. Naongeza jambo ambalo waandaaji wanaotoka bara hulikosea, na hata wetu wenyewe: saa.

Pwani yetu, siku za bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu) maji hutoka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakati huo wanawake wanaochokoa pweza wako miambani. Ukiitisha mkutano saa nne siku mbili baada ya mwezi kuandama, utapata wazee wa barazani na maafisa, basi. Baadaye utasema akina mama hawapendi siasa. Hawakukataa, maji yalikuwa yametoka. Chukua jedwali la maji la mwezi, weka mkutano siku za maji mafu, bahari isipotoka sana, baada ya alasiri, na uishe kabla ya magharibi ili mtu wa Kipungani apate kurudi na mashua kukiwa na mwanga. Ijumaa mchana usiguse. Jumapili asubuhi vilevile, maana wenzetu wa Mpeketoni na Hindi wako kanisani.

Msimu nao ni hoja. Kusi likikaza, wa Kiwayu hafiki Amu kwa mashua ndogo. Kama jambo ni la Lamu Mashariki nzima, mikutano mitatu midogo Faza, Kizingitini na Kiunga ina uzito kuliko mmoja mkubwa pale uwanja wa Mkunguni mjini Amu.

Lugha pia. Ripoti ya mradi ni mamia ya kurasa za Kiingereza cha wahandisi. Kikundi kiandike muhtasari wa kurasa 4 kwa Kiswahili: mradi ni nini, unachukua ardhi na maji kiasi gani, nani atahamishwa, taka zitakwenda wapi. Halafu usomwe na kurekodiwa kwa Kibajuni, Kigiriama, Kiorma na Kiboni, sauti ya dakika 5 kila moja, itumwe kwa simu. Asiyesoma anasikiliza, na anayesikiliza ndiye atakayesimama kuuliza.

---

#3 · Mtu wa Galana

Dada umenena. Na hili la kuwakuta watu walipo si jipya huku kwetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya lazima ya Waingereza, hakuanzisha baraza geni. Aliutumia mchezo wa kifudu, ngoma ambayo watu walikuwa wanaijua na kuifuata, kisha viapo vya kaya, yale makao matakatifu ya wazee. Waingereza wakamkamata mwaka huohuo na kumpeleka Kisii, na umoja ukabaki kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwenye viapo, haukumtegemea yeye peke yake.

Sasa kuhusu habari. Uamuzi wa NEMA hukatiwa rufaa NET ndani ya siku 60. Makundi mengi hupoteza hapa. Leseni hutolewa kimya, kijiji kinaiona tingatinga miezi mitano baadaye, na wakili anauliza mlikuwa wapi. Dawa yake ni kuuliza mapema, kwa maandishi, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016:

– Barua iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria inaruhusu zote mbili. Iende kwa mkuu wa taasisi husika.
– Usiombe "habari zote za mradi". Omba kitu chenye jina: nakala ya ripoti ya tathmini, nakala ya leseni na masharti yake, kumbukumbu za mikutano ya umma, orodha ya waliohudhuria.
– Peleka nakala 2. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo.
– Wana siku 21 kujibu. Wakiomba muda, nyongeza ni siku 14, mara moja tu. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.
– Kuomba hakulipiwi. Unalipia gharama ya kutoa nakala.
– Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Barua isiyo na muhuri haikuandikwa. Lishikeni hilo.

---

#4 · Shamba la Mpeketoni

Ndugu zangu, haya ya karatasi ni mema, lakini mmeruka jambo gumu kuliko yote. Lamu ni Waamu, Wabajuni, Waboni, Wasanye, Waorma, Wagiriama, na ni Wakikuyu waliopewa mashamba Mpeketoni. Harakati yoyote hapa ikianza kwa neno "wenyeji", nusu ya kaunti inafunga mlango. Na mwanasiasa anayetaka kuivunja hahitaji bunduki, anahitaji kuuliza tu, "wenyeji ni nani?" Mnaliepuka vipi?

---

#5 · Mwana wa Mkunguni

Swali lako ndilo moyo wa uzi huu, nami nitalijibu bila kulizungusha.

Hamuungani kwa kukubaliana juu ya kila kitu. Ukiwaweka mvuvi wa Shela, mfugaji wa Kiorma, Mboni na mkulima wa Mpeketoni chumba kimoja na kuwataka kwanza wakubaliane kuhusu historia ya ardhi ya Lamu, watatoka maadui. Waulize swali moja jembamba: leseni hii ibaki au ifutwe? Mvuvi anaogopa majivu baharini, mkulima anaogopa vumbi juu ya mahindi na pamba, mfugaji anaogopa njia ya maji kuzibwa, Mboni anaogopa msitu. Sababu nne, dai moja. Yaliyobaki yawekwe kando kwa maandishi, kwamba muungano huu hausemi lolote juu ya hati za ardhi, wala chama, wala uchaguzi. Kuyaweka kando si kuyafuta. Kila kundi lina uhuru wa kuyapigania kwa jina lake lenyewe.

Kila sababu iwe na hati yake ya kiapo. Kesini hati 10 za watu 10 wenye kazi tofauti zina nguvu kuliko hati moja inayosema "sisi wananchi tunapinga". Mvuvi aseme anavua wapi, kwa zana gani, msimu gani. Mchuuzi aseme ananunua samaki wapi na anauza wapi. Hapo ndipo utofauti wetu unakuwa mali ya harakati: upande wa pili utalazimika kumjibu kila mmoja kwa lake.

Kamati nayo isipangwe kwa kabila. Ukigawa viti kwa kabila umeshakiri kwamba kabila ndilo dai. Gawa kwa namna watu wanavyoguswa: wavuvi, wafugaji, wakulima, wachuuzi, watu wa msitu, vijana, watu wenye ulemavu. Makabila yataingia yenyewe, maana kazi zetu ndizo zilizotugawa hivyo tangu zamani.

---

#6 · Nahodha wa Kipungani

Nakubaliana, ila niweke onyo juu ya madaftari. Ushindi hugombanisha watu kuliko kushindwa.

Tazameni kesi ya bandari, ile ya LAPSSET, mradi wa ushoroba wa uchukuzi unaoanzia bandari ya Lamu, iliyofunguliwa 2012. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilisema haki za wavuvi zimevunjwa, za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Hukumu nzito kweli. Lakini fedha zikitajwa tu, swali linakuwa: mvuvi ni nani? Anayemiliki mashua? Anayevua kwa siku? Anayeshona nyavu? Mwanamke anayekaanga na kuuza? Daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, lisilosafishwa kabla ya kesi litasafishwa kwa ugomvi baada yake, na hapo walioungana miaka yote huanza kuitana wezi.

Kwa hivyo orodha iandaliwe mwanzoni, kabla ya harufu ya pesa. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, kazi, miaka katika kazi hiyo, diko la mashua au kijiji anachofanyia kazi, mashahidi wawili wasio ndugu. Isomwe hadharani, pingamizi zipokewe kwa siku 14, kisha ifungwe na itiwe saini. Nakala moja kwa chifu, moja kwa wakili, moja msikitini au kanisani. Kazi hii inachosha, watu hawaipendi, na hakuna kiongozi anayepata sifa kwayo. Ifanyeni.

---

#7 · Karani wa Zamani

Mmezungumza sana kesi. Mimi nasema kesi ni njia ya mwisho, na watu wanaikimbilia kwa kuwa njia za karibu hawazijui. Vyombo vipo, tena kaunti ndiyo iliyo mlangoni petu.

Bajeti kwanza. Sheria ya fedha za umma ya 2012 ina tarehe zake: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Vikundi vingi hujitokeza Juni na mabango. Juni kiasi cha kila idara kilishapangwa Februari. Zahanati isiyotajwa katika mpango wa Septemba ina nafasi ndogo sana ya kupata hela mwaka unaofuata. Andaeni pendekezo Julai, lenye jina la mradi, wadi, mahali, idadi ya watakaohudumiwa na idara inayohusika. Ukurasa mmoja tu.

Kisha ombi rasmi la umma. Katiba, kifungu 37, inatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa amani na bila silaha. Kifungu 119 kinafungua mlango wa Bunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 mlango wa bunge la kaunti. Ombi la Bunge lina umbo lake: Kiswahili au Kiingereza, lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa, mada iandikwe juu ya kila ukurasa, lieleze mmeshachukua hatua gani na taasisi gani, liseme kama jambo liko mahakamani, limalizikie kwa kutaja waziwazi mnachoomba. Majina, anwani, nambari za kitambulisho na saini viandikwe moja kwa moja kwenye karatasi za ombi. Watu hukusanya saini kwenye madaftari ya shule kisha wakakata na kubandika. Saini za kubandika hazikubaliki, na kazi ya wiki nzima inapotea.

Na mkitoka barabarani, tokeni vizuri. Sheria ya utulivu wa umma inataka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Iwe na jina kamili na anwani ya mwandaaji, tarehe, saa (kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni), mahali na njia mtakayopita. Hiyo ni notisi, haombwi ruhusa mtu. Sababu ya kisheria ya kuikataa ni kuwapo kwa notisi nyingine ya mahali palepale na wakati uleule, na mjulishwe kwa maandishi. Nakala yenu ipigwe muhuri na muulize nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo.

---

#8 · Binti Matondoni

Ami Karani, shikamoo. Bajeti ikishapita tunafuatiliaje? Orodha za miradi zinatoka, hakuna azisomaye.

---

#9 · Karani wa Zamani

Marahaba, binti yangu. Zisomwe kwa sauti.

Njia hii wameijaribu watu wa Rajasthan, India, nchi yenye lugha, dini na matabaka mengi kutuzidi. Chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS, kilichoanza 1990, kilikuwa kinapigania ujira wa kazi za serikali. Kuanzia 1994 kikaitisha mabaraza ya wazi vijijini: wanachukua orodha ya malipo, wanasoma jina, kazi na kiasi mbele ya kijiji kizima. Watu walisikia majina ya marehemu wamelipwa, na majengo yasiyokuwepo yamekamilika. Serikali ilipokataa kutoa nakala za orodha, dai likageuka: si ujira tena, ni haki ya kuona karatasi. Dai hilo likawakusanya hata wasio vibarua, na 2005 India ikapata sheria ya haki ya habari.

Kwetu inawezekana kesho. Lamu ina wadi 10, Kilifi ina 35. Chukueni wadi moja, miradi 5 tu. Ombeni kwa barua ya Mtu wa Galana mkataba, kiasi kilicholipwa na cheti cha kukamilika. Fikeni penye mradi, mpime, mpige picha. Kisha barazani, msomaji asome mradi mmoja, anyamaze, wakazi waseme wanachokiona. Mwiteni mwakilishi wadi na mkandarasi kwa barua, wiki 2 kabla, wawe na kiti cha mbele na nafasi ya kujibu. Msiseme "wizi". Someni kiasi, onyesheni picha. Neno "wizi" linawapa kesi ya kashfa. Tofauti kati ya karatasi na ukuta haimpi mtu kesi.

---

#10 · Mtu wa Galana

Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi. Karatasi zinashinda palipo na watu nyuma yake. Juni 2024 vijana walitoka nchi nzima kuukataa Mswada wa Fedha, bila chama na bila kabila, na tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na damu kumwagika, Rais akasema hatautia saini. Hakuna ombi lenye mihuri ambalo lingefanya hivyo kwa wiki moja. Kukosa kiongozi kuliwasaidia: hapakuwa na mtu wa kuitwa ikulu akanunuliwa.

---

#11 · Mwana wa Mkunguni

Sikatai, ndugu yangu, na waliokufa wanatudai sote. Lakini tazama pia upande wa mahakama mwaka uleule: 31 Julai Mahakama ya Rufani ilifuta Sheria ya Fedha ya 2023 kwa makosa ya ushirikishwaji, na 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Umati una nguvu ya kusema hapana. Kusema "badala yake tufanye hivi" kunahitaji mtu wa kukaa mezani, na harakati isiyo na kiongozi haina wa kumtuma. Hapo ndipo vyama vinaingia kulijaza pengo.

Dawa niionayo ni wajumbe wa muda. Wateuliwe 5 kwa mkutano mmoja, na maagizo ya maandishi: mnaweza kukubali hili na lile, hili hamna ruhusa. Wasiingie chumbani chini ya wawili. Warudi na taarifa ndani ya siku 3, kisha uteuzi wao ufe. Wakitaka kuwanunua, watakuwa wamenunua ujumbe uliokwisha.

Kuhusu siasa za uchaguzi: mwanachama ana haki ya kugombea, lakini aache nafasi yake kwenye kamati siku anapotangaza nia, na asitumie orodha ya wanachama. Orodha ya simu za wavuvi ndiyo mali inayotamaniwa kuliko fedha. Akaunti iwe na watia saini 3, wawili kati yao lazima wasaini kila malipo, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi hata kama ni shilingi 800 za karatasi na wino.

---

#12 · Shamba la Mpeketoni

Nimeridhika na jibu la dai moja. Swali la mwisho kwangu: kikundi ambacho hakijasajiliwa kinaweza kwenda mahakamani? Wengine wametishwa kwamba bila cheti hawana sauti.

---

#13 · Karani wa Zamani

Wanaweza. Kifungu 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya haki kwa niaba yake, ya kundi au ya umma, na hakuna ada ya kuianzisha. Kwa mazingira, kifungu 70 kinaenda mbali zaidi: mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au madhara. Cheti mtakihitaji kwa akaunti ya benki na kupokea msaada. Kikundi cha jamii huanzia watu 10, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Gharama za kesi mkishindwa ni jambo la kumuuliza wakili mapema, kwa kuwa mahakama mara nyingi haiwatozi walioleta jambo la umma kwa nia njema, lakini hailazimiki kuwasamehe.

---

#14 · Binti Matondoni

Na asiyejua kuandika, kwenye lile ombi la Bunge?

---

#15 · Karani wa Zamani

Dole gumba, binti yangu, kwenye karatasi ileile ya ombi, jina na nambari ya kitambulisho mbele yake. Asomewe ombi lote kwanza kwa lugha yake. Bebeni kidau cha wino na kitambaa, maana mikono ya wavuvi huwa na mafuta na alama hutoka ukungu. Ipanguseni ikauke kabla.